Kuku wa Shingo Uchi na Nyumba Tatu Ndani ya Laptopu

Kuku wa Dani aliuawa na sofa.

Najua inavyosikika. Nimewahi kusimulia habari hii Migori mjini na watu wakaanza kucheka kabla sijafika kwenye mayai. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Sofa lilikuwa la watu watatu, rangi ya damu ya mzee, limefungwa kwa mipira nyuma ya pikipiki, na mwendesha boda amebanwa mbele yake kama mgeni aliyepewa pembe ya kiti. Alipokata kona kuingia njia ya kwetu, hapa Sindo, pikipiki ilipita salama kabisa. Sofa ndilo lililopitia pale alipokuwa kuku.

Dani alitoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi. Dani ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. Alimtazama kuku, akalitazama sofa, akamtazama mwendesha boda, ambaye alikuwa amevua helmeti na kuikumbatia kifuani kama mtu aliye mazishini.

"Mama, pole," yule jamaa akasema. "Aki ya Mungu nilipiga honi."

"Ulimpigia kuku honi," Dani akasema. "Akajibu nini?"

Kuku mwenyewe alikuwa wa shingo uchi, wale wasio na unyoya hata mmoja kuanzia kifuani mpaka chini ya kidevu. Shingo nyekundu kama pilipili iliyoiva, na kishungi kilichokaa upande kama kofia ya mlevi. Nampenda Dani lakini sitasema uongo kwa ajili yake: alikuwa kuku mbaya. Ila Dani alipoolewa, akiwa mke wa pili, mama mkwe wake alimpa tetea wa shingo uchi ili asiingie nyumba tupu. Mke mkubwa alicheka siku hiyo mpaka akakaa chini. Dani akamtunza tetea, tetea akazaa, waliozaliwa wakazaa, shingo uchi kwa shingo uchi, mpaka kideri kikaja kikafagia boma zima. Akabaki huyu mmoja. Na huyu mmoja sasa alikuwa ameenda na sofa.

Nyuma ya jiko, ndani ya kikapu, kulikuwa na mayai yake kumi na moja, bado ya moto. Alikuwa ameanza kuyalalia asubuhi hiyo hiyo. Alitoka tu kunywa maji.

Dani aliyakusanya ndani ya leso akasimama nayo uani. Hakulia. Angelia ningevumilia. Kuku wa jirani ndiye pekee aliyekuwa akilalia, na tayari alikuwa na kumi na manne yake mwenyewe, mengine yanachungulia ubavuni. Sasa mimi mdomo wangu una tabia ya kutoka nyumbani kabla akili haijavaa viatu. Nikajisikia nikisema, "Dani, nipe mimi. Nitayaangua."

Akaniangalia kutoka juu mpaka chini, hasa chini.

"Utayakalia?"

*

Nieleze nilitoa wapi ujasiri. Nilimaliza kidato cha nne na gredi ambayo mama yangu, wageni wakiuliza, hujibu tu kwamba "alimaliza". Baadaye nilifanya kazi kwenye saiba moja Migori, kupiga chapa barua na kuwafungulia watu barua pepe walizosahau nywila zake. Wateja wakikosekana nilikuwa natazama video za vijana wa mbali wakiandika amri kwenye dirisha jeusi, wakibonyeza kitufe kimoja, na dunia inatii. Nikaiga. Nikakosea. Nikaiga tena. Mwenye saiba alipoamua kuigeuza saluni, aliniaga kwa kunipa laptopu moja kuukuu ambayo betri yake ilikuwa pambo na kitufe chake cha kistari kilikuwa kimeng'oka. Nikarudi Sindo nayo, nikijiita injinia kimoyomoyo.

Basi jioni ile nilichukua sanduku jeupe la kubebea samaki, lile jepesi linaloshika baridi, nikiamini kinachoshika baridi kitashika na joto. Nikaweka balbu ya zamani, ile ya uzi unaowaka. Nikaweka kipimajoto kidogo cha waya nilichokuwa nacho, na swichi ya kuiwasha na kuizima balbu, vyote vikiingia kwenye laptopu. Yai linataka nyuzi thelathini na saba na nusu, siku ishirini na moja, lisipoe, lisikauke, na ligeuzwe mara tatu kwa siku.

"Watazaliwa wakinuka mbuta," Dani akasema, akinusa sanduku.

"Wakizaliwa, Dani, nitawaogesha mimi."

Programu zilikuwa tatu, na sikuzibuni mimi. Niliziokota kwenye mtandao kutoka kwa watu watatu wasiojuana, nikazishonashona. Moja inasoma joto. Moja inawasha na kuzima balbu. Moja inatoa sauti, kutukumbusha kugeuza mayai. Na zikagombana saa hiyo hiyo. Ya balbu ilitaka vifaa vya toleo la zamani, ya joto ilitaka toleo jipya. Nikiweka jipya, balbu inagoma. Nikirudisha la zamani, ya joto inatapika mistari myekundu ukurasa mzima.

Dani alikuwa amekaa kwenye kigoda na mayai mapajani, akiyapasha joto kwa leso mbili na chupa ya maji moto.

"Kwani wanapigania nini?"

"Ni kama vyombo vya jikoni, Dani. Huyu anataka sufuria ya zamani, huyu anataka mpya, na meko ni moja."

Akaweka kichwa upande, kama kuku wake.

"Wewe umewaweka wake wenza jiko moja?"

"Ndiyo... nadhani."

"Shule walikufundisha nini? Kila mke na nyumba yake, na meko yake, na sufuria zake. Wanasalimiana uani tu. Mimi na mke mkubwa hatukupigana hata siku moja, na tulichukiana vizuri sana."

Nilimwangalia. Vijana wa kwenye video walikuwa wametumia saa nzima kueleza jambo hilo. Kontena ndiyo hiyo: kila programu inajengewa nyumba yake ndani ya kompyuta, na sufuria zake zote, haijui kama kuna mwingine, na ikikushinda unabomoa na kujenga tena kwa amri moja bila kumsumbua jirani. Nilijua inavyoandikwa. Sikujua inavyoishi.

Nikaanza kujenga. Sasa amri za kontena ni vistari vitupu: kistari kimoja kwa hili, viwili kwa lile, na mimi sina kitufe cha kistari. Ilinibidi nichokonoe lile shimo kwa njiti ya kiberiti. Tok. Tok tok. Kila neno, tok tok. Dani alisema ninaandika kama kigogota.

Nikabonyeza. Balbu ikawaka. Nikaruka juu nikagonga kichwa kwenye mabati.

"Nyakwara," Dani akaniita, yaani mjukuu wangu, "huyu uliyemjenga anaitwa nani?"

Nikatazama kwenye orodha. Usipoipa kontena jina, kompyuta inaipa lake yenyewe, maneno mawili ya Kiingereza yaliyounganishwa. La kwanza lilikuwa na maana ya mwenye usingizi.

"Mwenye Usingizi," nikasema.

"Kijana wa kukesha na moto, unamwita Mwenye Usingizi."

Nikabomoa, nikajenga upya. Dani alitaka jina la kwetu linalofuata saa ya kuzaliwa, na alikuwa nalo tayari mdomoni. Tatizo ni kwamba jina hilo ndilo la mchungaji wetu, na amri mojawapo ya kontena, ukitaka kuizima kwa nguvu, ni ya kuua. Niliona sitaweza. Tukakubaliana majina ya kazi: wa kwanza Taa, wa pili Sauti, wa tatu Joto. Nilimjenga Taa kwanza kwa sababu kuwasha na kuzima balbu kulinifurahisha. Joto nilimwacha mwisho kwa sababu alikuwa na hesabu.

Joto akaanza kwa kusoma sifuri. Sanduku limepata moto, balbu inawaka, yeye anasema sifuri.

"Yuko wapi?" Dani akauliza.

"Ndani ya nyumba yake."

"Ina dirisha?"

Haikuwa na dirisha. Nyumba ya kontena haioni kifaa chochote cha nje mpaka umwambie mjenzi aache tundu. Tok tok, nikaandika ule waya unaingilia wapi, nikajenga upya, na Joto akafumbua macho: thelathini na sita, thelathini na saba.

Kabla hatujayaweka mayai, Dani aliuliza swali la mwisho. "Akiandika hizo hesabu zake, anaziweka wapi?"

"Ndani kwake."

"Na ukibomoa nyumba?"

Nikaiweka njiti chini.

"Nafaka haihifadhiwi chumbani. Ghala hukaa uani. Nyumba ikiungua, mtakula."

Kwa hiyo nikatengeneza folda nje, nikamwagiza Joto aandikie humo siku zote. Nikaiita Dero, ambalo ndilo neno letu la ghala. Kisha tukayalaza mayai kumi na moja, yamewekwa alama ya penseli upande mmoja ili tujue yaliyogeuzwa, na Dani akafunga kifuniko na kusali. Sala ilikuwa ndefu. Ililitaja sofa kwa jina.

*

Mwendesha boda alianza kuja kila siku. Alisema ni kwa sababu njia yake inapita hapo, lakini njia yake haikupita hapo.

"Omera, ndugu injinia, wagonjwa wanaendeleaje?"

"Si wagonjwa. Ni mayai."

"Mimi nawaombea tu. Dhamiri inaniuma, buda. Nikimbeba mtu na kiti hata cha plastiki, naona shingo."

Yeye ndiye aliyetuletea habari kwamba kifaranga husikia akiwa ndani ya yai. Alisomewa na abiria. Dani akasema hilo hata mtoto analijua, na ndiyo maana kuku hunong'ona na mayai, na kwamba kengele yangu ya ting'ting' itawazaa watoto waliochanganyikiwa. Ikabidi nimrekodi. Dani alikaa mbele ya laptopu, akavuta leso, akakohoa kama anayetaka kusoma matangazo kanisani, kisha akatoa sauti ya kuku anayeita vifaranga, "Kwoo, kwoo, kwo-kwo-kwo," tamu na ya chini kiasi kwamba kuku wa jirani alitokea mlangoni kuangalia nani amemwita.

Na mimi nikarekodi onyo, la kulia joto likipita kiasi. Nilibana pua nikaongea kama yai: "Dani, tunaungua! Dani, tunaungua!" Mwendesha boda alicheka mpaka akashika ukuta. Niliona ni kazi nzuri.

Siku ya pili Sauti aliita watu kugeuza mayai wakati usio wake. Nilikuwa nimemwambia aite saa mbili asubuhi. Saa mbili ikapita kimya. Akaja kuita Dani akiwa tayari anabandika sufuria ya mchana. Nikaingia ndani ya kontena kuangalia saa yake. Simu yangu ilisema kumi na moja kwa kuhesabu kizungu, Dani akasema tano, na Sauti, peke yake nyumbani kwake, alisema nane.

"Huyu ametoka wapi?" Dani akauliza.

Alikuwa katikati yetu kabisa, saa tatu kutoka kwa kila mmoja, kama anayetupatanisha. Kumbe nyumba ya kontena usipoiambia iko wapi, inafuata saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Nikatafuta namna ya kuiambia. Kulikuwa na orodha ya miji.

"Nimempeleka Nairobi, Dani."

"Nairobi ya nini? Si tuko Sindo?"

"Hawana Sindo."

"Basi waandikie."

*

Siku ya saba tulimulika mayai kwa tochi ya simu, mlango umefungwa na gunia dirishani. Mawili yalikuwa maji matupu. Tisa yalikuwa na mishipa myekundu kama ramani ya mito, na katikati ya kila ramani kitone kikirukaruka. Mwendesha boda alitoka nje. Tulimkuta anajipangusa macho na glavu, anasema ni vumbi.

"Tisa," Dani akaniambia. "Nipatie hata mmoja wa shingo uchi. Hata mmoja tu. Huyo mke mkubwa asije akanicheka mara ya pili huko aliko."

Hapo nikaelewa nilichokuwa nimeahidi.

Tulikuwa na shida moja: stima. Sindo stima huja na kuondoka kama mwanasiasa. Kila ikikatika, laptopu inazimika, tunaweka chupa za maji moto sandukuni, na ikirudi nawasha nyumba zote kwa mkono: Joto kwanza, kisha wengine, bila kufikiria. Lakini Sabato mbili nilikuwa nimebaki nyumbani kuyalinda; ya tatu ilikuwa inakuja, sote twende kanisani, na sikutaka mayai yategemee mkono wangu. Nikaandika faili fupi ili laptopu ikiamka yenyewe, iziwashe nyumba zenyewe, moja baada ya nyingine.

"Nani anaanza?" Dani akauliza.

"Yeyote."

Akaacha kuchambua omena.

"Yeyote? Katika boma? Nyakwara, mvua ikinyesha hapa, nani hutoka na mbegu kwanza?"

"Mkubwa."

"Mimi nimesimama mlangoni na jembe begani msimu baada ya msimu, udongo umelowa, nangoja mke mkubwa aamke. Na alikuwa anajua! Alikuwa anakunywa uji polepole! Lakini sikumpita. Ukimpita mkubwa, shamba zima linaharibika. Wa kwanza kujengwa kati yao ni nani?"

"Taa."

"Basi Taa atoke kwanza. Sauti. Halafu kitinda mimba."

Na unajua nini? Niliona ni vizuri sana. Niliona nimeiletea kompyuta heshima ambayo haikuwa nayo. Tok tok, nikaandika hivyo: Taa, Sauti, Joto. Mhandisi wa nchi nyingine asingeweza kukosea hivyo hata akilipwa.

*

Sabato hiyo ilikuwa siku ya kumi na nane. Ibada ilikuwa nzuri. Mchungaji alihubiri juu ya kungoja. Mwendesha boda alimpakia Dani wakati wa kurudi, mwendo wa kobe, honi kwa kila jani, nami nikitembea kando yao bila kuachwa.

Tulikuta umati nyumbani. Jirani zetu Wakatoliki, ambao hawakuwa kanisani siku hiyo, walikuwa wamezunguka nyumba na ndoo. Paa lilikuwa linachuruzika. Jirani mwenye yule kuku alikuwa juu ya ngazi na karai.

"Watoto wako wapi?" akatupigia kelele.

"Watoto gani?"

"Wanaoungua! Tumesikia watoto wanalia ndani, 'Dani, tunaungua!' Tumemwaga maji mpaka kisima kimetikisika, na moto hatuuoni!"

Kutoka ndani, kupitia ukuta, nikasikia pua yangu mwenyewe: "Dani, tunaungua! Dani, tunaungua!"

Sikumbuki nilivyofungua mlango. Balbu inawaka kama jua. Nyuzi arobaini na moja na kitu. Dani alikuwa ameshanipita. Alifungua kifuniko, akaanza kuyapepea mayai kwa kitabu cha nyimbo, akachovya vidole kwenye ndoo ya jirani na kuyanyunyizia matone, akiwaambia pole, pole, poleni wanangu. Mimi nilichomoa balbu kwa mkono mtupu. Nina alama mpaka leo, ya duara, kama muhuri wa ofisi.

Umati ulipoondoka, kila mtu na ndoo yake na maoni yake, nilikaa kwenye laptopu. Nikamwuliza Taa alichokumbuka, maana kila kontena hujisemea chini chini na unaweza kusoma. Ilikuwa wazi, na iliniuma. Stima ilikatika tukiwa kanisani, ikarudi. Taa akaamka kwanza kama mkubwa. Akamwuliza Joto, "Nyuzi ngapi?" Joto alikuwa bado hajaamka, si zamu yake. Taa akaona kimya ni sawa na sifuri, na sifuri ni baridi, akawasha. Na yule mwandishi niliyemwokota mtandaoni alimfundisha kuuliza mara moja tu. Hakuuliza tena. Joto alipoamka akawa anapiga kelele za arobaini kwa mtu asiyemsikiliza. Aliyemsikia ni Sauti peke yake.

Nikafungua Dero. Hesabu zote zilikuwemo, salama, dakika kwa dakika. Juu ya arobaini: dakika ishirini na sita.

"Ni nyingi?" Dani akauliza.

"Sijui, Dani."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kitabu cha nyimbo kimelowa mapajani. Akasema polepole, "Ni mimi niliyesema mkubwa aanze."

"Ni mimi niliyeandika."

"Sasa utamwambia mdogo ampite mkubwa?"

Hilo ndilo lililomsumbua, nikaona. Ilikuwa rahisi kwangu kubadilisha mstari mmoja kwenye faili. Lakini yeye alikuwa amesimama mlangoni na jembe miaka yote hiyo, na ningemwambia sasa kwamba haikuwa na haja? Nikafikiri, na nadhani ndilo wazo zuri pekee nililowahi kupata bila kuiga.

"Hapana. Nitabomoa boma lote, nianze upya. Joto nitamjenga kwanza. Yeye ndiye atakuwa mkubwa."

Akainua kichwa. "Inawezekana?"

"Ndiyo raha ya hizi nyumba. Ghala liko uani. Hakuna kitakachopotea."

Akafikiri. Kisha uso ukaanza kufunguka upande mmoja.

"Ningekuwa na amri hiyo zamani," akasema, "mke mkubwa angekunywa uji wake baridi."

Nikabomoa zote tatu. Nikajenga Joto, mkubwa wa boma, dirisha lake, saa yake ya Nairobi, ghala lake nje. Kisha Taa, nikamfundisha kuuliza kila dakika na kwamba kimya si baridi. Kisha Sauti, na nikalifuta lile onyo la yai. Nilihesabu vistari: njiti tatu zilivunjika.

*

Siku ya ishirini Dani alijaza karai maji ya uvuguvugu, akayaweka mayai tisa yaelee. Yai lililo hai hutikisika majini, kama mtu anayegeuka kitandani. Tuliinama vichwa vitatu, mwendesha boda akizuia pumzi. Sita yakacheza. Matatu yakatulia tuli.

"Yarudishe yote," Dani akasema.

"Hata haya matatu?"

"Wewe ulikuwa mtoto wa kutulia vilevile. Mkunga alitaka kukufunika."

Siku ya ishirini na moja hakuna kilichotokea. Sauti aliita kwa sauti ya Dani, na sanduku likanyamaza. Mwendesha boda alipitia mara nne, mara ya mwisho akiwa na abiria, mama mmoja aliyeshuka naye akaja kuangalia.

Siku ya ishirini na mbili asubuhi, Sauti alipoita kwo-kwo-kwo, sanduku likajibu.

Wa kwanza alitoka amelowa, anatetemeka, anafanana na soksi. Mwendesha boda akamulika.

"Ana shingo?" Dani akauliza kutoka kwenye kigoda. Hakutaka kuangalia.

"Mama, ana shingo. I mean, ina manyoya. Manyoya mengi."

Wa pili. "Manyoya." Wa tatu. "Manyoya, Mama, pole." Wa nne, mwendesha boda alitangaza manyoya kwa sauti ya daktari. Kwa wa tano alitikisa kichwa tu. Sijawahi kuona vifaranga wazuri wakipokelewa kwa huzuni namna ile. Nilimnong'oneza kila mmoja kwamba si kosa lake.

Wa sita alikawia mpaka mchana. Alitoka nusu, akapumzika, akatoka. Mwendesha boda akamulika, akanipa tochi. Nikamulika mimi. Kuanzia kifuani mpaka chini ya kidevu, ngozi tupu ya waridi, kama kidole cha mtoto.

"Dani," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya yai tena, na sikuwa nimebana pua. "Huyu ni mbaya sana."

Alikuja kwa magoti. Alimchukua kwenye kiganja akamtazama muda mrefu, na hapo ndipo alipolia, yale machozi aliyoyaweka tangu siku ya sofa. Mwendesha boda naye akalia, akasema ni vumbi. Tukiwa tunalia hivyo watatu, moja ya yale mayai matatu yaliyotulia likapasuka lenyewe, na akatoka wa saba. Shingo uchi. Mawili mengine hayakufunguka kamwe. Nikayafukia kando ya ukuta wa jiko.

Tatizo jipya lilijitokeza kesho yake. Vifaranga walikuwa wamesikia mama yao kwa siku ishirini na mbili, na sasa walimwona. Dani akienda jikoni, saba nyuma. Dani akienda chooni, saba mlangoni, wanalia. Ikabidi nimwache Sauti akiendelea kuishi kwenye laptopu, mayai yameisha lakini kazi haijaisha, maana Sabato ikifika lazima mtu aandike amri ya kumwasha, vifaranga wakimbilie sandukuni, na Dani anyate kwenda kanisani na viatu mkononi.

Wiki ile ya kwanza, kabla hatujagundua mbinu hiyo, nilimwona akivuka boma kuelekea kaburi la mke mkubwa, mstari wa vifaranga ukimfuata kwenye nyasi. Sikutaka kusikiliza, lakini upepo wa ziwa ulikuwa unakuja upande wangu. Alitoa kitu kwenye leso, akakiinua juu ili kionekane vizuri.

"Nyieka," akasema, maana ndivyo wake wenza wanavyoitana kwetu. "Mwangalie. Bado ni mbaya."

Akangoja kidogo, kama anayempa mtu nafasi ya kucheka. Kisha akacheka yeye, kwa wote wawili, mpaka akakaa chini.